Dar hadi Mbeya kwa pikipiki: kuandaa chombo, kuziba pancha na kusafiri kundini

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya ina urefu wa takriban kilomita 830, na karibu yote ni lami. Anayeiangalia kwenye ramani anaogopa injini. Wanaoijua wanaogopa mambo matatu mengine: magurudumu, cheni na breki. Injini ya pikipiki ikiwa na oili safi na hewa safi haina sababu ya kukuacha njiani. Cheni iliyokazwa kupita kiasi inayo, na tyubu ya miaka saba inayo pia. Basi mwongozo huu unaanzia chini na kupanda juu.

Kanuni moja kabla ya spana: kazi zote ziishe wiki mbili kabla ya safari, kisha chombo kitembee angalau kilomita 200 za kawaida mjini na nje ya mji. Kifaa kipya kilichofungwa usiku wa kuamkia safari hakijajaribiwa. Nati iliyosahaulika, pedi zisizoshika au sili inayovuja, yote hujionyesha katika kilomita hizo 200. Afadhali yakukute Kibaha kuliko Ruaha Mbuyuni.

TAIRI

Anza kwa kusoma umri. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka mitano au sita, hata kama kashata zake, vile vinundu vya mpira vinavyogusa barabara, zinaonekana nzima, mpira wake umekuwa mgumu na haushiki lami yenye maji. Likunje kidogo kwa kidole gumba ubavuni: ukiona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, libadilishe.

Kina cha kashata pima katikati ya tairi, kwa sababu hapo ndipo linapolika ukisafiri muda mrefu umenyooka. Alama ya mwisho ya tairi nyingi za pikipiki huwa kati ya milimita 0.8 na 1.6, lakini kwa safari ya kwenda na kurudi, kilomita 1,660, usiondoke na chini ya milimita 3 nyuma.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya kuwasha. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye stika iliyo kwenye mkono wa gurudumu la nyuma (vile vyuma vinavyolishika gurudumu) au karibu na cheni, na mara nyingi kuna namba mbili: ya mtu mmoja, na ya watu wawili au mzigo. Ukiwa na mabegi, tumia ile ya mzigo. Mchana tairi likipata moto kipimo kitapanda kwa takriban asilimia 10. Usiupunguze! Mtu anayetoa upepo Morogoro saa saba mchana ataamka Iringa na tairi lililolegea, na tairi lililolegea ndilo linalojipasha moto hadi kupasuka.

Kama ringi zako zina spoki, zile njiti za chuma, zungusha gurudumu polepole na uguse kila moja kwa spana ndogo. Zilizokazwa hulia kwa mlio mkali. Iliyolegea hutoa sauti butu kama sufuria lenye ufa. Moja au mbili zilizolegea unazikaza robo mzunguko. Zikiwa nyingi, mpelekee fundi wa ringi, maana ukizikaza ovyo ringi itapinda.

CHENI

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwa sababu watu huiangalia cheni kwa macho badala ya kuipima.

Isafishe kwanza. Mafuta ya taa na brashi laini yanatosha. Usitumie petroli wala brashi ya waya kwenye cheni yenye viringo vya mpira kati ya vipande vyake: petroli hukausha mpira, waya huukata, grisi iliyofungiwa ndani hutoka, na cheni huanza kufa kutoka ndani huku nje inang'aa. Ifute kwa kitambaa, iache ikauke.

Kisha pima uchakavu. Ivute ili isilegee, hesabu pini 21, upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Hivyo umepima vipande 20. Cheni ya namba 428, ile ya pikipiki nyingi za cc 125 na 150, ikiwa mpya hutoa milimita 254. Ikifika 256 na nusu, imekwisha. Cheni za 520, 525 na 530 zikiwa mpya hutoa milimita 317.5, na zikifika 320 usisafiri nazo. Kama kitabu cha pikipiki yako kinataja kikomo kingine, fuata kitabu. Jaribio la haraka bila rula: shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa, lile duara la meno la gurudumu la nyuma, uivute kuelekea nyuma. Ukiona nusu ya jino imebaki wazi, hakuna haja ya kupima.

Cheni na sproketi zake mbili hubadilishwa kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka kama mapezi ya papa italika haraka mno, na kuokoa bei ya sproketi kutakugharimu cheni nyingine. Kama cheni yako hufungwa kwa klipu, upande wa klipu uliofumba uelekee cheni inakokwenda. Ukiigeuza, jiwe moja dogo linatosha kuing'oa.

Ulegevu sasa. Pima kwenye kamba ya chini, katikati ya sproketi mbili: sukuma juu, vuta chini, tofauti ndiyo ulegevu. Pikipiki ndogo nyingi hutaka milimita 25 hadi 35. Zile ndefu za safari zenye springi za kwenda mbali hutaka 35 hadi 45. Zungusha gurudumu na upime sehemu nne, kwa maana cheni hailiki sawa, kisha rekebisha ukifuata pale ilipokaza zaidi.

Kwa nini ilegee hivyo? Ukikaa na mzigo, mkono wa gurudumu hupanda na umbali kati ya sproketi mbili huongezeka. Cheni iliyokaa vizuri pikipiki ikiwa tupu huwa kamba ya gitaa ukishapakia mabegi na abiria, na kinachoumia ni beringi ya shafti inayobeba sproketi ndogo, ndani ya injini. Beringi hiyo haibadilishwi kando ya barabara. Kwa hiyo baada ya kurekebisha, mpakie mtu na mzigo, uhakikishe cheni bado inacheza angalau sentimita moja na nusu. Fundi wa mtaani akikuambia "imelegea hii, nikukazie," mshukuru, umwoneshe kipimo.

Kabla ya kukaza nati ya ekseli, linganisha alama za kulia na kushoto, la sivyo gurudumu litakaa upande na cheni itakula sproketi ubavu mmoja. Kaza nati, rudisha pini yake, kisha pima ulegevu tena, maana kukaza huko mara nyingi huivuta cheni.

Njiani, paka oili nzito ya gia, 80W-90, kila kilomita 500 hadi 800, na kila jioni kama mvua imenyesha. Ipake cheni ikiwa ya moto, mwisho wa siku, kwa upande wa ndani ili mzunguko uisukume nje. Iache usiku kucha. Ukiipaka asubuhi na kuondoka, yote itaishia kwenye ringi na mgongoni mwa abiria wako.

Wenye pikipiki za shafti, zile za fimbo ya chuma badala ya cheni, hawana haya yote. Wao waangalie oili ya difu ya nyuma na sili yake, basi.

BREKI

Pedi zikibaki chini ya milimita 3 zibadilishe kabla ya safari, hata kama kikomo cha kiwandani ni kidogo zaidi. Sababu ni moja: Kitonga. Ukitoka Dar unaupanda mlima huo, lakini wakati wa kurudi unaushuka ukiwa umepakia, nyuma ya malori yanayotambaa. Shuka kwa gia ya pili au ya tatu, injini ikuzuie. Breki zibanwe kwa nguvu mara chache, usizishike kidogo kidogo njia nzima.

Anayeshikilia breki mfululizo huchemsha mafuta yake. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yakishashiba maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi karibu 155. Yakichemka hutoa mapovu, mapovu hubanwa, na hendeli inazama hadi kwenye mshiko bila chombo kupungua mwendo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hivyo yabadilishe kila miaka miwili bila kungoja yawe meusi. DOT 4 na DOT 5.1 ni jamii moja. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi nazo kamwe.

Kosa la kawaida: kijichupa cha breki kikionekana kimeshuka, mtu anajaza. Mara nyingi kimeshuka kwa sababu pedi zimelika na pistoni zimesogea. Ukifunga pedi mpya mafuta yatarudi juu, yamwagike, na rangi ya tenki itababuka. Angalia pedi kwanza.

OILI, HEWA, UMEME

Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huifanya klachi iteleze: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Kama muda wa kubadilisha utafika katikati ya safari, badilisha kabla. Injini ndogo za cc 150 huchukua takriban lita moja, na kwa mwendo wa kasi kutwa nzima hiyo lita moja inaweza kupungua. Wenye injini hizi wapime kila asubuhi, chombo kikiwa wima juu ya ardhi sawa.

Filta ya hewa ya sponji ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, ikauke kivulini, ipakwe oili ya injini na kukamuliwa. Ya karatasi hupulizwa kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unaipeleka vumbi ndani zaidi.

Injini ya kabureta itaonekana imechoka ukifika Iringa, kwenye mita 1,500 na zaidi. Si ugonjwa. Hewa ya huko ni nyepesi na petroli imezidi kidogo. Acha skrubu za kabureta zilivyo, shusha gia moja, endelea.

Betri pima asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 au zaidi ni nzima. Washa, ongeza mwendo wa injini: isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13, chaji haifiki. Juu ya 15, kidhibiti cha chaji kimeharibika na kitaipika betri. Beba fyuzi mbili za kila ukubwa uliomo kwenye boksi lako.

KUPAKIA

Vizito chini na mbele, karibu na magoti yako kadiri inavyowezekana. Boksi la nyuma lililojaa spana huifanya pikipiki iyumbe kila basi linapokupita. Tumia mikanda yenye bizimu. Mpira wa kufungia mizigo, ule wa kulabu mbili, hunyumbuka, begi linatembea, na siku kulabu ikifyatuka itaingia kwenye cheni. Ongeza ugumu wa springi ya nyuma kwa mzigo, kisha usiku simama mbele ya ukuta uangalie taa: ikimulika juu kuliko kawaida, nyuma bado kumezama.

PANCHA YA TYUBU, HATUA KWA HATUA

Jifunze nyumbani. Vifaa: vyuma bapa vitatu vya kufungulia tairi, viraka na gundi mpya (gundi iliyowahi kufunguliwa hukauka ndani ya kichupa chake, utaikuta mawe), msasa, pampu ya mkono au ya umeme, spana za ekseli zote mbili, na tyubu mbili nzima, moja ya mbele na moja ya nyuma. Kama nafasi ni ndogo, beba ya mbele: tyubu ya inchi 21 inaweza kubanwa ndani ya tairi la nyuma la inchi 18 na kukufikisha mjini kwa mwendo mdogo. Ya nyuma haiingii mbele.

Toka barabarani kabisa. Inua chombo kwa stendi kubwa, au kwa jiwe chini ya injini huku mwenzako ameshika usukani. Piga picha ya ekseli kabla ya kuitoa, kwa sababu bushi za kulia na kushoto hazilingani na kila mtu husahau. Legeza nati, sukuma gurudumu mbele, toa cheni, toa ekseli.

Ukingo wa tairi ukikataa kuachia ringi, laza gurudumu, diski ikiwa juu, na utumie stendi ya pembeni ya pikipiki ya mwenzako: iweke juu ya tairi karibu na ringi, ailalie polepole. Huachia mara moja. Anza kufungua karibu na valvu, huku upande wa pili umeusukuma kwa goti uingie kwenye bonde la katikati ya ringi. Bonde hilo ndilo linalokupa nafasi. Anayetumia nguvu badala ya bonde hutoboa tyubu tundu la pili.

Pampu tyubu, tafuta tundu, kisha lilinganishe na tairi ili ujue msumari uko wapi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, si vidole. Kikinasa, hapo ndipo. Kwangua kwa msasa eneo pana kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, ngoja dakika tano hadi isinate kidoleni, bandika, gandamiza kuanzia katikati. Haraka hapa ndiyo inayowarudisha watu chini baada ya kilomita kumi.

Rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo tu wa kuipa umbo. Paka maji ya sabuni ukingoni, anza upande ulio mbali na valvu na umalizie kwenye valvu, maana hapo shina la valvu huzuia ukingo kuingia bondeni. Sukuma valvu juu mara moja kuhakikisha tyubu haikubanwa. Jaza, kagua mstari wa ukingo kama uko sawa pande zote, funga gurudumu.

Kisha, kabla ya kupanda, bana breki mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni zilisogea ulipotoa gurudumu, na kubana kwa kwanza hakutashika kitu.

Tairi zisizo na tyubu ni nafuu zaidi: toa msumari, panua tundu kwa chombo chake, sindika kamba ya mpira, acha sentimita moja nje, kata. Tundu la ubavuni haliwekewi kamba.

KUNDINI

Kundi zuri ni la watu watano hadi saba. Zaidi ya hapo ligawanyike mara mbili. Anayeongoza ajue njia. Anayefunga nyuma awe fundi hodari kuliko wote na ndiye abebe vifaa, kwa sababu anayeharibikiwa hubaki nyuma. Wasio na uzoefu wakae nafasi ya pili na ya tatu. Kwenye barabara iliyonyooka mpangilio uwe wa kupishana kama meno ya zipu, sekunde mbili nyuma ya aliye mbele yako kwenye mstari wako. Kwenye kona, vumbi na Kitonga, mstari mmoja.

Kila mtu amlinde wa nyuma yake: ukimkosa kwenye kioo, punguza mwendo. Wa mbele yako atakukosa naye, na ndani ya dakika mbili kundi zima litakuwa limesimama bila simu. Kwenye njia panda, subiri hadi wa nyuma yako akuone.

Mahesabu ya mafuta yanashangaza wageni. Pikipiki ya cc 150 yenye tenki la lita 11, ikienda kilomita 40 kwa lita, inafika 440. Ya cc 1000 yenye lita 18, ikienda 19 kwa lita, inafika 342. Kubwa ndiyo itakayokauka kwanza. Piga hesabu ya chombo chenye uwezo mdogo, simameni kwenye asilimia 70 ya hapo. Morogoro, Mikumi mjini, Iringa, Mafinga na Makambako kuna vituo vya mafuta.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi barabara inapita takriban kilomita 50 kati ya wanyama. Pita mchana, fuata vibao vya mwendo, usisimame kupiga picha ya twiga. Pundamlia mmoja akivuka, ngoja: wengine wako nyuma yake. Kuanzia Mafinga hadi Makambako, Juni na Julai, baridi ni ya kweli. Jaketi la Dar halitoshi, na vidole vilivyokufa ganzi havibani breki.

Ujuzi wote huu hunolewa kabla ya safari, na hakuna burudani ya waendeshaji inayozidi asubuhi ya Jumamosi ya spana. Chombo kimoja, kazi moja, watu wanne, kahawa na kashata kando. Leo pedi, wiki ijayo cheni. Mwenye chombo ndiye anayeshika spana, wengine wanaelekeza, na utani unaruhusiwa. Shindaneni kutoa gurudumu, kutoa tyubu na kurudisha vyote. Mara ya kwanza huchukua zaidi ya saa nzima, baada ya mazoezi manne matano dakika 30 zinatosha. Kila chombo kiwe na daftari lake chini ya kiti: tarehe, kilomita, kilichofanyika, namba ya kifaa kilichofungwa.

Mkisharudi Dar, osheni vumbi kwa maji ya mpira wa bustani, si ya presha, maana presha husukuma maji ndani ya beringi za magurudumu na usukani. Pakeni cheni oili siku hiyo hiyo, kabla ya kuoga.